Siku Niliyolilia Sukari kwenye Mazishi ya Karungu

Ninyi mliokaa kwenye benchi hili tangu asubuhi bila chai, poleni. Nesi ameniomba niwape maneno machache mkisubiri kutobolewa kidole kupimwa sukari. Naitwa Odhiambo, natoka Rangwe, na kazi yangu ni kushika maikrofoni kwenye mazishi. Mtu wa kazi hiyo akisema "machache," mwenye busara hutafuta kivuli.

Kabla ya ugonjwa nilikuwa mtu wa kelele. Kutoka Homa Bay hadi Migori, mtu akifa, jamaa walitafuta jeneza, kisha wakanitafuta mimi. Ningeweza kumsifu marehemu mvivu mpaka yeye mwenyewe asijitambue. Wali wa matanga nilikula sahani mbili, soda tatu, na ya nne nikabeba ya njiani.

Halafu kiu ikaanza. Nilikunywa mtungi, nikakojoa mtungi. Chifu akihutubia, mimi nilikuwa nimeshakimbia chooni mara tatu. Macho yakaingia ukungu, nyayo zikawaka kama nimekanyaga pilipili. Nikakonda. Siku moja niliinua mikono tuombee mwili, suruali ikashuka mpaka magotini. Waombolezaji walicheka, hata mjane alicheka. Mke wangu Rose hakucheka. Kesho yake akanipeleka hospitali.

"Mzee, una kisukari," daktari alisema. "Hakiondoki, lakini unaweza kuishi nacho vizuri. Meza dawa kila siku, na ugali wako usizidi ngumi."

Nilitoka pale natazama ngumi za watu. Nina shemeji mvuvi, ngumi yake kama malenge. Nilimwonea wivu sana.

Mwili ulianza kupata nafuu. Kilichoharibika ni roho. Nyumbani nikawa mshukiwa. Rose alificha sukari kwenye sanduku la nguo. Binti yangu Atieno alininusa mdomo nikitoka sokoni. Kanisani hakuna aliyeniuliza habari zangu tena. Waliuliza, "Sukari iko ngapi?" Kipimo kikipanda, nilijiona kama mtoto aliyeanguka mtihani. Kikishuka, hakuna aliyepiga makofi. Nina mjomba aliyekatwa mguu kwa ugonjwa huu. Basi nilikuwa nakaa kitandani natazama vidole vyangu vya miguu, naviaga kimoja kimoja.

Nilimkaripia Rose kwa sababu ya chumvi, kwa sababu ya mlango, kwa sababu ya mvua. Chumbani nako, nisiwafiche, mambo yalilala. Nikaona aibu, nikawa najifanya nimeshasinzia kabla hajaingia.

Mwishowe nikachoka na kila kitu. Nikaacha dawa bila kumwambia mtu. Vidonge nilivitupa kwenye choo cha shimo, asubuhi na jioni, kwa uaminifu zaidi kuliko nilivyowahi kuvimeza.

Wiki ya tatu nikaitwa Karungu kuendesha mazishi ya mzee ambaye sikuwahi kumwona akiwa hai. Nikasimama, nikasoma karatasi: "Marehemu ameacha mke na watoto sita." Hilo neno "ameacha" likanikwama. Nikamwona Rose amevaa nyeusi. Nikaanza kulia, na si kile kilio changu cha kazi. Nililia kwenye maikrofoni, spika nne zikapeleka sauti yangu mpaka ziwani. Kamasi zikanitoka. Nikakumbatia jeneza, nikakataa kuachia.

"Yawa! Huyu analia kushinda watoto wa marehemu!" mtu akasema.

Wazee wawili wakanishika mikono, wakanipeleka nyuma ya nyumba.

"Kijana, sema ukweli mapema," mmoja akaniambia, nami nina miaka hamsini na nne. "Mama yako ni nani, na alikutana na marehemu wapi?"

"Mimi si mtoto wake!"

"Basi hiyo pua umeitoa wapi?" mwenzake akauliza, akinikagua.

Mjane mwenyewe akaja, Mama Opiyo. "Wazee, nipisheni," akasema. Akanigeukia. "Wewe, niambie. Kama Mzee alikuwa na nyumba nyingine, nijue leo kabla sijamfukia."

Hapo ukweli ukanitoka. "Mama, simlilii mzee wako. Nalilia sukari. Nimechoka nayo. Nimetupa dawa wiki tatu." Nikatapika, karibu kabisa na viatu vyake.

Alirudisha viatu nyuma. "Ni hiyo tu?" akasema. "Asante Mungu!" Kisha akaketi chini kando yangu, na mazishi yote yanamsubiri. "Mimi nina sukari mwaka wa kumi na moja. Wakati mmoja nilimrushia huyu mume wangu sufuria kwa sababu alikula embe mbele yangu. Haikuwa embe. Nilikuwa naogopa kufa."

Halafu akapaza sauti: "Leteni gari! Huyu apelekwe Migori sasa hivi. Wa kwangu hana haraka tena."

Nililazwa siku nne, dripu mkononi na insulini. Siku ya tatu nesi wa wodi alivuta kiti. "Tumekuuliza macho, miguu, mkojo," akasema. "Hatujakuuliza moyo unaendeleaje."

Rose, aliyekuwa amekaa kando ya kitanda, ndiye aliyejibu. "Moyo wake mbaya, na wangu pia. Naogopa hata kwenda kisimani, nisije nikarudi nikamkuta amekufa na skonzi mdomoni."

Sikuwa najua. Miezi yote hiyo nilimwona kama askari, kumbe ni mwoga mwenzangu. Tukalia, kisha tukaanza kucheka ile skonzi mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akalalamika.

"Kuchoka na sukari kunawapata wengi," nesi akatuambia. "Si uvivu, wala si wazimu. Ila ukiificha hali hiyo, unaacha dawa, na sukari inapanda."

Tukakubaliana. Rose aniulize kwanza nimeshindaje, mambo ya vipimo baadaye. Mimi nikishindwa kumeza dawa, niseme siku hiyo hiyo. Sasa namaliza mwaka bila kulazwa. Siku mbaya zipo, na nazitaja kwa sauti.

Namshukuru Mungu, na Rose, na nesi. Namshukuru Mama Opiyo, aliyemaliza mazishi na msemaji mwingine. Naambiwa msemaji huyo alikuwa mbovu sana, na hilo pia nalishukuru.

Ninyi wenzangu, mkiingia mle ndani mkaulizwa hali, msiseme "nzuri" kama mnasalimiana sokoni. Kama umeacha dawa, sema, hakuna atakayekufunga. Na ninyi mliosindikiza wagonjwa, acheni kutunusa midomo. Tuulizeni tumelalaje.

Naona baba mmoja pale mwisho wa benchi, ametazama ukuta tangu nianze. Ndugu yangu, sikulazimishi kusema kitu. Nakuja kukaa hapo kando yako. Nitajaribu kunyamaza.