Michembe ya Mwaka Ule

Sisi tuliokulia Kisorya enzi zile hatukuwa na friji. Viazi vitamu vilipovunwa, mama alikuwaga anavikata vipande vyembamba, nasi watoto tunavianika juu ya mawe makubwa nyuma ya nyumba. Tulifukuza mbuzi, na wingu likijitokeza upande wa ziwani tulikimbia kuanua. Vikikauka mpaka vinalia kama vigae, hiyo ndiyo michembe. Ilijazwa kwenye kihenge kusubiri miezi ya njaa. Tulicheza rede huku tunaitafuna mpaka taya zinauma. Wanangu wakionja leo wanauliza kama ni mbao.

Nilikuwa darasa la nne mvua ilipokataa. Kihenge hakikufika hata nusu. Watoto watano tukawa tunakula mara moja kwa siku.

Asubuhi moja akaja mama mdogo, aliyeolewa Butiama. Alikuwa amepanda lori, kisha akatembea. Mgongoni alimbeba Pendo, mwanawe, miguu imevimba, nywele zimegeuka nyekundu.

"Dada, nipe hata debe moja."

Mama alikitazama kihenge, akatutazama sisi.

"Imebaki ya hawa tu, mdogo wangu. Nikikupa, hawa nitawapikia nini?"

Aliwapa uji, akamfungia bakuli moja la michembe kwenye khanga. Mama mdogo hakubisha. Alishukuru, akambeba mwanawe, akarudi barabarani.

Haukupita mwezi tukaitwa msibani. Pendo alikuwa amekwisha kuzikwa, karibu na migomba. Mama mdogo alitupokea mlangoni, akamshika mama mikono yote miwili.

"Mmekula huko njiani, dada?"

Hapo ndipo mama alipokaa chini mavumbini na kulia kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia tena.

Mvua ziliporudi, gunia la kwanza la michembe lilikwenda Butiama, na ikawa hivyo kila mwaka. Mama mwenyewe hakuionja tena. Sisi watano tulivuka salama. Nami ni mama sasa, na bado sijui ningefanya nini.

Siku hizi naishi Nyakato, na friji yangu imejaa. Juzi binti yangu alimwaga wali wa jana kwenye ndoo ya taka, bibi yake ameketi palepale. Nilisubiri mama amkaripie, kama alivyokuwaga anatukaripia sisi. Aliinuka polepole, akatoka nje, akakaa peke yake uani mpaka jua likazama.