Haya ya Mwenye Bustani

Nyumbani kwangu Kihonda mtu hanijibu "haya". Watoto wamezoea. Nikimtuma mmoja dukani atasema "sawa mama", au "nakwenda", au atanuna, na kununa nakuvumilia. Mume wangu alijaribu kubisha mwanzoni. Alisema neno lenyewe halina kosa, hata redioni wanalitamka kila dakika. Nikamwambia basi alisikilize vizuri. Haya ni kukubali, haya ni kuchoka, haya ni "nenda zako, umenishinda", na haya ni ile aibu ambayo mtu mzima akiikosa watu huuliza alilelewa wapi. Mimi niliambiwa neno hilo siku moja kwenye kiwanja cha shule, juu milimani Uluguru, nikachagua maana iliyonifaa na kuiandika.

Kazi yangu ni mipango. Halmashauri hututuma vijijini kukaa na wananchi na kupanga nao matumizi ya ardhi yao: hapa patalimwa, hapa patajengwa, hapa msitu usiguswe, hapa maji yalindwe. Miongozo yetu yote inasisitiza kushirikisha, na mimi nililipenda sana neno hilo. Nilikuwa nalitamka kama mtu anayegawa pipi. Wenzangu walinisifu kwamba nikisimama mbele ya mkutano watu hawasinzii, tunamaliza kwa wakati, na karatasi zinarudi ofisini zimejaa. Nilijiona hodari, tena nilikuwa nikiwacheka kimoyomoyo wale wanaorudi mara tatu kijiji kimoja.

Kijiji chenyewe kimekaa kwenye mteremko mkali, nyumba moja ikichungulia paa la nyingine. Wanalima kabichi, karoti, njegere na liki kwenye matuta ya ngazi, na asubuhi na mapema utawakuta akina mama wakishuka na matenga kichwani kuelekea sokoni Morogoro. Ardhi kule hupita kwa ukoo wa mama, wenyewe wanauita lukolo. Mwanamume aliyeoa analima kwa mke wake kama mgeni aliyekaribishwa. Hilo nililijua, maana nililisoma chuoni na nikalijibu kwenye mtihani.

Tulifika wakati wa masika. Gari lilipanda kwa kunguruma hadi shuleni, dereva akashuka, akatazama juu, akasema mvua ikianza kabla hatujaondoka tutalala hapo. Kwa hiyo nilianza mkutano nikiwa na saa mkononi na wingu kichwani.

Tulichora ramani ya kijiji chini, kwenye udongo, kwa majivu. Ni njia nzuri, sitaikashifu kwa makosa yangu. Mwenyekiti wa kijiji alishika fimbo, wanaume wakamzunguka, wakabishana wapi njia inapinda na kanisa likae wapi. Walipofika kwenye maji, mwenyekiti aliweka majani mabichi sehemu moja akasema chemchemi ni hii. Wanaume wakaitikia. Mimi nikauliza kwa sauti yangu ya mikutanoni, "Tumekubaliana?" Wakasema tumekubaliana.

Nilikulia Mafiga, mjini Morogoro. Bomba likikauka ni mimi niliyetumwa na ndoo, kaka zangu walikuwa wakicheza mpira. Mtu aliyekulia hivyo alipaswa kuuliza swali moja dogo: nani anateka maji hapa? Sikuuliza. Na wale wanaoteka hawakuwepo. Walikuwa nyuma ya darasa la mwisho, kwenye mafiga matatu, wakitupikia sisi wageni wali na kuku, kwa maji waliyokuwa wameyateka wenyewe alfajiri.

Mwanamke aliyekuwa karibu na ramani alikuwa mmoja, bibi mwembamba mwenye rozari shingoni, khanga ameifunga kifuani juu ya sweta. Alikuwa amekaa chini, miguu ameinyoosha, akitazama majani yale mabichi. Niliambiwa kwamba bustani iliyokuwa mahali pale palipowekwa majani ni yake. Aliinua mkono. Nikamwambia, "Bibi, nimekuona. Tutakusikiliza mwisho." Akaushusha. Baadaye akauinua tena, na mwenzangu wa upimaji, aliyekuwa akipiga picha, akampiga picha. Mimi nikatabasamu, nikaendelea na barabara na eneo la zahanati.

Ukungu ulianza kushuka. Dereva alikuja akasimama pembeni, funguo mkononi. Nikakunja karatasi, nikavaa begi langu, na nikiwa tayari nimesimama ndipo nikamkumbuka bibi. Nikamwinamia kidogo, kwa heshima, nikamweleza haraka kwamba sheria inataka mita sitini kutoka chanzo cha maji kusilimwe, kwa hiyo pale kwake patakuwa hifadhi, kwa faida ya kijiji chote. "Sawa, bibi?"

Alinitazama mimi, akatazama begi, akatazama majivu.

"Haya," akasema.

Ndani ya gari, tukiteleza kwenye matope, niliandika muhtasari juu ya goti: wananchi wote waliridhia, akiwemo bibi mwenye bustani iliyo jirani na chanzo. Niliandika hivyo makusudi. Nilijua anayekaguliwa hupendeza zaidi akionyesha kwamba hata aliyeguswa alikubali.

Kesho yake mwenzangu alipanda kwa pikipiki kuchukua vipimo. Alikuta ardhi imelowa chapachapa pale chini ya bustani, akapima, akarudi. Masika Uluguru kila shimo ni chemchemi, lakini hatukuwa na muda wa kungoja kiangazi.

Mpango ule ulisifiwa. Jalada lake lilibeba picha ya bibi, mkono juu, na chini yake tukaandika: Mwananchi akichangia hoja. Nilialikwa kwenye mafunzo kuwaeleza maofisa wapya namna ya kushirikisha jamii, na niliionyesha picha hiyo ukutani, kubwa kama mlango. Niliwaambia angalieni uso wake, angalieni anavyojiamini. Mpaka leo nikilikumbuka hilo natamani ardhi inimeze, na ikinimeza isiniteme tena.

Miaka minne baadaye nilirudi kufanya mapitio ya mpango. Ilikuwa Septemba, ukavu, na njia ya gari ilikuwa imeharibika, kwa hiyo nilipanda kwa miguu kutoka mtoni. Nilipokaribia kijiji nilikutana na akina mama wawili wenye ndoo kichwani wakishuka kutoka juu, juu kabisa karibu na mwamba ulio kwenye njia ya kanisa. Tukasalimiana. Nikawauliza mbona wanatoka mbali hivyo na chemchemi iko pale chini.

"Maji yako huku juu, mama," mmoja akasema. "Tangu mlima ulipoporomoka, zamani, mimi bado msichana."

"Na pale chini?"

"Pale hapana maji. Pale pana kibao tu."

Wakacheka, wala hawakuwa na ubaya. Hawakujua kwamba kibao ni changu.

Nilikwenda kukiona. Kilikuwa kimesimama wima, maandishi yamefifia kidogo: Hifadhi ya chanzo cha maji, hairuhusiwi kulima. Nyuma yake kulikuwa na magugu makavu yaliyonifika kiunoni. Matuta ya ngazi yasipotengenezwa kila mwaka hubomoka, na haya yalikuwa yamebomoka karibu yote. Udongo mweusi ulikuwa umeteremka bondeni na kuacha mawe. Niliingiza kidole kwenye ardhi nikitafuta unyevu. Ndiyo, nilichuchumaa kama mjinga na viatu vyangu vya ofisi nikichokonoa vumbi, huku nikiomba Mungu nipate tope kidogo la kunitetea. Hapakuwa na tope.

Chemchemi ilihama miaka mingi kabla sijazaliwa kikazi. Wanaume waliendelea kupaita pale "chemchemini" kwa mazoea, kama mtu anavyoendelea kuita "dukani" mahali ambapo duka lilifungwa. Hawakudanganya. Hawateki maji, basi. Mtu mmoja kwenye mkutano wangu alikuwa na la kusema juu ya jambo hilo, na nilimwambia asubiri mwisho.

Nilimkuta nyumbani kwake, nje, kwenye kigoda, akimenya njegere ndani ya ungo. Alikuwa amekonda zaidi. Nilitamani asinitambue.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, vuta kiti hicho." Akanitazama. "Wewe ni yule wa ramani."

Nikakaa. Mkononi nilikuwa na daftari na kalamu, kwa mazoea tu, maana nikiingia kwenye nyumba ya mtu kikazi mikono yangu haijui kukaa bure. Nikamwambia nimetoka kwenye bustani. Nikamwambia nimeona kwamba hapana maji.

"Hapana," akasema.

"Bustani ilikuwa yako mwenyewe?"

"Ya mama yangu. Na ya mama yake. Ningempa binti yangu, na yeye ampe wake. Ndivyo kwetu." Alimenya njegere kadhaa. "Nilimwonyesha kila kitu, namna ya kupanga mawe ili tuta lisishuke. Alikuwa na mkono mzuri kuliko mimi."

Nikauliza binti yuko wapi.

"Turiani. Anapandikiza mpunga mashambani kwa watu. Alisema mama, kiangazi hapa nitakula kibao? Nikamwacha aende. Amepata mwenzake hukohuko, wana mtoto."

Alisema bila kupandisha sauti, na hilo ndilo lililonikera, Mungu anisamehe. Nilitaka anifokee. Mtu akikufokea unapata pa kujibia, hata kama huna haki. Nikajikuta namuuliza kwa sauti yenye ukali kidogo, kana kwamba yeye ndiye wa kujieleza:

"Sasa, bibi, kwa nini hukwenda kulalamika?"

"Nilikwenda. Nilikwenda ofisini kwa mtendaji wa kijiji mwaka uleule, walipokuja kusimika kibao. Akatoa faili, akanisomea. Akasema bibi, uliridhia, imeandikwa. Nikamuuliza ameandika nani. Akasema mtaalamu." Akanyanyua ungo, akapepeta, maganda yakaanguka miguuni mwake. "Nikarudi nyumbani. Mtu atabishana vipi na karatasi inayosema ameridhia?"

Sentensi ile niliiandika juu ya goti, gari likiteleza, ili ukurasa upendeze. Sikuwahi kufikiri kwamba siku moja itafunguliwa mbele ya bibi mwenyewe, imzibe mdomo kwa mara ya pili.

"Lakini ulisema haya," nikasema. Nasikia aibu kuandika kwamba nilisema hivyo. Nilikuwa bado najitetea.

Akacheka kidogo, kicheko cha puani.

"Mwanangu, uliniambia nitasema mwisho. Nikangoja mwisho. Mwisho ulipofika ulikuwa umesimama na begi mgongoni. Mgeni akishasimama na begi, utamwambia nini? Utamwambia chemchemi imehama, keti nikueleze? Unamwambia haya. Aende salama."

Jogoo alikuja kudonoa maganda, akamfukuza kwa mguu. Nilifikiria ile picha, mkono juu, na jinsi nilivyowaambia wale vijana wa ofisi waangalie anavyojiamini. Alikuwa anaomba nafasi ya kusema "hapana, si pale".

Nikamweleza ninachoweza kufanya, na haraka yangu ikanirudia, maana nikibanwa nakimbilia taratibu. Nikasema mpango unarekebishwa, nitapeleka jambo hili mkutano mkuu wa kijiji, na safari hii akina mama watakaa mbele na chakula tutakuja nacho sisi. Kibao kitahamia kule juu kwenye maji, na bustani itarudi kwake. Nilisema yote hayo kwa pumzi moja, na nilimaanisha. Na kweli baadaye yalifanyika, kibao kikahama. Alinisikiliza mpaka mwisho. Yeye alijua kumsikiliza mtu mpaka mwisho.

"Vizuri," akasema. "Na atalima nani?"

Nikatazama mikono yake. Vidole vilikuwa vimepinda, na ilimchukua muda kufungua ganda moja. Kupanga mawe ya tuta lililobomoka ni kazi ya mtu mwenye mgongo mzima, miaka miwili au mitatu. Mwenye mgongo huo alikuwa Turiani kwenye tope la watu wengine, na mtoto wake angekua bila kujua tuta ni nini. Hilo hakuna mkutano mkuu unaoweza kulirudisha.

Nikateremka kwenye kiti nikakaa chini, kwenye maganda, kama alivyokaa yeye siku ile pembeni ya ramani. Nikamwambia, "Bibi, nimekukosea. Nimemkosea na binti yako. Naomba unisamehe."

Alimenya njegere mbili, tatu. Kisha akanitazama, na macho yake yakashuka kwenye kalamu niliyokuwa bado nimeishika.

"Haya," akasema. "Andika kwamba nimeridhia."