Seng'enge ya Mwalimu

Nakumbuka Jumamosi moja, Lemayian mwanangu, wewe ukiwa bado hujazaliwa, mzee mmoja jirani alikuja hapa kwetu, akanywa chai, akaomba kikombe cha pili, akanishukuru kwa kazi nzuri ya ualimu, halafu akaniambia amemtoa binti yake shuleni. Alisema kwa upole sana. Wazee wa Kimaasai wa rika lile walikuwa hivyo, anakuvunja moyo huku anasifu chai yako.

Kaa chini nikueleze vizuri. Na hiyo simu iweke mfukoni, mama yako hana vipindi vingi vilivyobaki.

Mimi nililetwa huku na chaki. Nilizaliwa Maragoli, ambako shamba ni dogo kama leso na kila mtu anajua mpaka wake kwa kidole. Nikatumwa kufundisha shule ya msingi huku mbugani, ng'ambo ya Kitengela, nikakutana na baba yako. Hadithi hiyo ni ndefu, waulize shangazi zako, wao huipenda kuliko mimi. Tulipooana, ardhi ya jumuiya ilikuwa imegawanywa majuzi, kila boma na hati yake. Nikamwambia baba yako anipe kipande nilime. Alicheka! Kwao ardhi ilikuwa ya kulishia ng'ombe, si ya kuchimbachimba. Lakini alinipenda, akanipa, akaninunulia na seng'enge ya kuzungushia.

Weh! Hapo ungemwona mama yako. Alfajiri nakamua ng'ombe pamoja na nyanya yako, nachemsha chai, namwacha dada yako mgongoni kwa nyanya, naenda shuleni. Jioni nashika jembe mpaka giza liniondoe. Mahindi yangu yalisimama, mwanangu, watu walishuka baiskeli kuyatazama. Nilijivuna, sikufichi.

Shuleni nilikuwa mkali. Samaki mkunje angali mbichi, huo ndio ulikuwa wimbo wangu, na kiboko kilikuwa ngoma yake. Siku hizo hakuna aliyeona ajabu. Kosa nililochukia kuliko yote ni kuchelewa. Kengele ikilia, uwe paredi, kwisha maneno. Na aliyechelewa kuliko wote muhula ule alikuwa Naserian wa darasa la sita, binti wa yule mzee wa chai. Mtoto mwembamba, mwerevu, kazi yake ya hesabu unaisahihisha huku unatabasamu.

Unajua watoto wa huku wanavyosalimia, anainamisha kichwa, mkubwa anamgusa utosini. Naserian alikuwa anafika jasho likimtoka, ananiletea kichwa, namgusa, kisha namchapa. Hivyo hivyo kila mara. Halafu asubuhi moja akafika, akanyoosha mkono moja kwa moja upigwe. Kichwa hakukileta. Niliona, tena iliniuma kidogo, lakini nikajiambia huyu sasa ameanza ukaidi.

Basi Jumamosi hiyo mzee akasema, "Mwalimu, huyu mtoto imekushinda, hata mimi naona. Shule haitaki yeye. Nimepeleka kwa shangazi yake Kiserian, iko na hoteli kidogo hapo karibu na soko ya ng'ombe. Ataosha vyombo mpaka apate bwana." Akachukua rungu lake, akaaga, akaenda.

Alipotoka, mimi nikawaka. Nyanya yako, ambaye nilimwita Yeyo, yaani mama, alikuwa mlangoni akitunga shanga. Nikamlalamikia yeye. Wazazi gani hawa? Mtoto ana akili hivi, anapelekwa kuosha sufuria? Nilisema mpaka mate yakaniishia. Yeyo alinisikiliza tu. Kisha akaweka shanga zake chini, akaniambia, "Twende."

Akanipeleka mpaka mwisho wa shamba, penye seng'enge.

"Hapa, kabla ya mahindi, ilikuwa nini?"

"Majani tu, Yeyo."

"Majani tu." Akatikisa kichwa. "Na ng'ombe ya huyu mzee ilikuwa inapita wapi kwenda silanga?"

Silanga ni lile bwawa letu la maji ya mvua. Nikatazama boma la mzee, nikatazama bwawa. Njia ilikuwa moja kwa moja, na katikati yake yamesimama mahindi yangu. Sasa mwenye ng'ombe alilazimika kuzunguka mbali, ateremke korongoni, apande ng'ambo ya pili.

"Na nani anapeleka ng'ombe maji asubuhi, kabla ya shule?"

Nikageuka kulitazama lile korongo.

"Ni Naserian," Yeyo akasema. "Umefungia mtoto mlango, halafu unachapa yeye kwa sababu amechelewa kuingia."

Nyani haoni kundule, mwanangu, na unisamehe lugha. Unadhani nilikubali hapo hapo? Wapi! Nikajitetea. Nikasema ardhi ni yetu, hati ipo. Nikasema mbona hamkuniambia.

"Hati ni yenu, nani amekataa?" Yeyo akasema, na hakupandisha sauti. "Mzee anakuheshimu. Wewe ni mke wa hapa, tena ni mwalimu wa mtoto yake. Angekuambia nini? Na mimi nilinyamaza nikisema utaona mwenyewe. Hapo hata mimi nimekosa. Lakini sikia, ng'ombe itafika maji hata ikizunguka. Mtoto akishaolewa, harudi darasa la sita."

Nililia pale pale, katikati ya mahindi. Yeyo akaniacha nilie, akaenda kuleta koleo ya baba yako. Nikaikata ile seng'enge kwa mikono yangu, nikang'oa mahindi yaliyoziba njia, na yalikuwa yameanza kubeba. Jioni baba yako akarudi akakuta ng'ombe wa jirani wanapita shambani kwangu taratibu kama maharusi. Akaniuliza, "Mwalimu, siku hizi unalisha ng'ombe ya watu mahindi?" Nikamwambia asinichekeshe, nina uchungu.

Kesho yake hatukwenda kanisani. Yeyo na mimi tuliomba nafasi kwenye lori la ng'ombe lililokuwa likienda Kiserian, tukafika tukinuka sisi kama mnada. Naserian tulimpata nyuma ya hoteli ya shangazi yake, amechuchumaa mbele ya karai la vyombo, mikono imekwajuka kwa sabuni. Aliponiona alisimama, akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta. Mwalimu wake ndiye aliyemtia hofu hiyo. Mungu wangu.

Nikamwambia, "Naserian, mimi ndiye niliyekosa. Ni ua wangu uliokuwa unakuchelewesha. Nimeukata. Nimekuja kukuomba msamaha, na kukuomba urudi."

Alifuta mikono kwenye sketi yake. Kisha akasema, kwa sauti ndogo tu, "Mwalimu, lakini mimi nilikuwa nakimbia."

Mwanangu, nimefundisha miaka mingi. Nimesifiwa na wakubwa, nimetukanwa na wazazi, yote yamepita. Sentensi hiyo haijapita. Kila asubuhi mtoto wa watu alikuwa anakimbia kuzunguka shamba langu, anakimbia ili anifikie mimi, nimchape. Na mimi sikuwahi hata mara moja kumwuliza, "Umetoka wapi?"

Shangazi alinung'unika kwamba tunamnyang'anya mkono wa kazi. Yeyo akamkalisha, wakazungumza Kimaa mpaka mama yule akacheka na kutupa chai. Baba mtu naye alikubali alipoona ng'ombe wake wanapita. Naserian akarudi shuleni, na siku moja, sikutarajia, akaniletea kichwa tena. Kiboko changu nilikuwa nimeshakipeleka jikoni, kikawasha moto.

Usinitazame hivyo, hakuwa daktari. Si kila hadithi ya mwalimu huishia kwa daktari. Alimaliza shule, akaolewa kwa hiari yake akiwa mtu mzima, akafuga kuku, na watoto wake wote nimewafundisha mimi. Ndiye huyo anayeniletea mayai, na pesa hataki.

Sasa sikiliza nikwambie kwa nini nimekuita. Baba yako amekupa kipande, na mji wa Kitengela umetufuata mpaka huku na nyumba zake za kupanga. Jana nimeona lori limemwaga mawe yako ya ukuta, nikafurahi, kwani nani hapendi kuona mwanawe anajenga? Jenga, sikukatazi. Lakini kabla hujafunga mahali, uliza ni nani hupita hapo. Kabla hujamwadhibu mtu, uliza kilichomchelewesha, awe mwanafunzi, awe mfanyakazi wako, awe mke wako akirudi jioni amechoka na wewe umenuna. Na usimngoje jirani aje akwambie. Jirani mwenye heshima atakunywea chai, atakusifu, ataenda zake na maumivu yake. Kunyamaza kwake usidhani ni kuridhika. Kuuliza si ujinga, mwanangu, ujinga ni kuwa na haki mkononi ukaona huna haja ya kuuliza.

Hawa watoto wa wapangaji wa kule nyuma, unajua wanapita wapi kwenda shule? Hujui. Hata mimi sikujua wa kwangu. Basi Jumatatu asubuhi, kabla fundi hajachanganya simiti, nenda usimame kwenye ploti yako, utazame ni nani anakuja mbio.

Mungu akubariki, Lemayian. Ukuta wako usimame imara, geti lake lisiote kutu kwa kukosa wageni, na kila mtoto atakayepita kwako afike salama anakokwenda.