Mtungi Niliomlazimisha Ansila

Hadi leo nikipita Bukiriro najifunika kanga mpaka kwenye nyusi, na wajukuu zangu wanacheka, kwa hiyo bora niwasimulie mwenyewe kabla hawajawasimulia wao wakatia chumvi.

Ansila alinifanyia kazi miaka mingi hapa Mabawe, yeye anakamua ndizi, mimi napika pombe, naye (ameokoka, haonji hata tone) ananisikitikia tu. Siku moja akaniambia, "Bibi, naomba baraka zako, naenda kufungua kibanda Bukiriro, niuze umutobe," yaani yale maji matamu ya ndizi yasiyolewesha, wateja wake wawe walokole wenzake. Watu wakadhani nitanuna. Ninune mimi, bosi mwenye moyo mkubwa hivi? Nikaamua kumsaidia, na hapo ndipo nilipoharibu.

Jioni ya kuamkia ufunguzi nikampelekea zawadi, mtungi wangu mkubwa wa udongo, ule ninaopikia pombe tangu nilipoolewa.

"Bibi, mbona nimeshanunua ndoo?"

"Ndoo! Unataka watu wanywe plastiki? Mimina humu."

"Lakini huu si ule wa..."

"Nimeusuuza. Unanifundisha kazi?"

Akamimina, heshima ikamponza. Nikaufunika kwa jani la mgomba na kuukaza kamba kwa mikono yangu, maana msaada wa nusunusu siuwezi.

Kesho yake mchana walokole wakajaa, kwaya ya kina mama na sare nyeupe, mchungaji akaombea kinywaji, nami nimekaa mbele kama mama wa bibi harusi. Ansila akakata kamba. Jani likaruka, povu likawamwagikia kwaya, na harufu ile, jamani, kila mtu anaijua! Udongo ulikuwa umenyonya pombe miaka yote hiyo, kusuuza kwangu kukaufanya nini? Umutobe ulikuwa umechachuka humo usiku kucha. Mchungaji akaonja, akaonja tena (sijui alikuwa anahakikisha nini), akauliza, "Dada Ansila, hii ndiyo kazi uliyoifuata huku?" Wanaume waliokuwa wakipita zao barabarani wakageuza: "Kumbe ni leo! Tuleteeni mirija!"

Ansila akasimama na kikombe mkononi, machozi yanamlenga, kina mama wanaokota pochi zao. Nikajua hawa wakiondoka hivi hawarudi, na kibanda kimekufa siku kilipozaliwa. Basi nikasimama, bibi mzima, nikapaza sauti: "Mchungaji, mlevi hapa ni mimi! Mtungi wangu, ukaidi wangu, huyu alikataa nikamlazimisha!"

Mama mmoja wa kwaya, anajifuta povu, akajibu, "Bibi, wewe tunakujua, kaa chini." Ndiyo sifa niliyojijengea.

Walimwamini Ansila, na wiki iliyofuata wakarudi kununua. Ansila hakunigombeza, alipiga goti tu: "Shikamoo Bibi. Asante. Umeshanisaidia vya kutosha."

Siku hizi mfanyakazi wangu akiniaga anakwenda kujitegemea, namuuliza kwanza anahitaji nini. Akisema hahitaji kitu, nampa hichohicho.