Nyumba Juu ya Gari la Mkate

Mzee Koki, fundi bomba mstaafu, alikuwa na gari ambalo pia ni nyumba: kitanda, jiko, sinki na mapazia aliyoshona mkewe. Lilikuwa kuukuu kupindukia, lakini ubavuni lilikuwa na jina la kiwanda kwa herufi za bati, naye alizisugua mpaka ungeweza kujitazama humo ukanyoa ndevu.

Binti yao alikuwa karibu kujifungua mtoto wa kwanza, mji wa mbali, katika chumba kimoja kisicho na pa kulaza mgeni. Mama yake alimwahidi kuwa naye siku hiyo. Wangeenda na nyumba yao, waegeshe mlangoni pake. Basi pedali ya breki ikaanza kuzama hadi sakafuni.

"Pampu ya breki imekwisha," makanika akamwambia. "Leta nyingine, naifunga leo leo."

Mzee Koki akazunguka maduka yote ya spea, akilitaja lile jina la ubavuni kwa maringo.

"Hao walifunga kiwanda zamani, mzee," muuzaji mmoja akamjibu. "Hilo fugia kuku."

Kila jioni alirudi mikono mitupu, na binti akipiga simu, mama alisema "tunakuja" kwa sauti iliyozidi kufifia.

Asubuhi moja mkewe alikwenda dukani kununua mkate. Gari la kuleta mikate lilikuwa limeegeshwa, mlango wazi. Akachungulia, akaganda. Ile dashibodi aliijua. Ameifuta vumbi miaka nenda rudi. Honi ileile, kisahani kilekile cha majivu kisichofungika.

"Mama, mkate unauzwa dukani," dereva akamtania.

Alirudi nyumbani mbio, bila mkate.

"Mzee, chini ya hii nyumba yetu kuna gari gani?"

"Si unaliona jina?"

"Hao walijenga nyumba tu, baba. Gari la chini walilinunua kwa waunda magari. Ni lile la mkate!"

Mzee Koki akainama kuchungulia chini ya gari. Maisha yake yote amefunga koki za kiwanda hiki kwenye sinki za kiwanda kile, na hili halikumpitia akilini! Aliona haya, lakini furaha ilizidi haya.

"Pampu ya breki ya gari la mkate," aliomba dukani, safari hii kwa unyenyekevu. Muuzaji akaifikia bila hata kuinuka kitini.

Jioni pedali ilisimama imara. Mzee Koki akashusha pumzi, moyo ukamtulia kama maji mtungini. Alipofungua kabati la gari ili apange vyombo, akakuta nguo za kichanga, zimekunjwa vizuri.

"Umezipakia saa ngapi?"

"Kabla breki haijaharibika."

"Na hukuzitoa? Kumbe ulijua nitaipata pampu?"

"Wapi! Niliogopa kuzitoa."

Akamshika mkono mkewe, akampandisha kiti cha mbele, akawasha gari.