Kifuniko Nilichorudi Nacho Kutoka Ujerumani

Katika barabara yetu ya Boko, fundi magari mwenye stashahada ni mimi peke yangu. Niliipata Ujerumani kwa miaka tisa, mchana naosha vyombo hotelini, jioni naingia darasani na vidole vimenyauka kwa maji. Hakuna mjomba aliyenilipia. Niliporudi nilijenga gereji yenye sakafu ya saruji na paa la bati la bluu, nikakitundika cheti juu ya benchi la vifaa, mahali ambapo mteja hata akiwa na haraka vipi atakiona.

Ng'ambo ya barabara alikuwepo yeye. Mtu wa Newala, alikuja mjini kuchonga vinyago, mpingo ulipokuwa mgumu kupatikana akahamia kwenye injini. Hana cheti wala sakafu. Anatengenezea magari juu ya mchanga, chini ya turubai. Na watu walikuwa wanakwenda kwake. Kila asubuhi nilikuwa nayatazama magari yaliyojipanga kwake kabla sijafungua geti langu. Chai ilikuwa inapoteza ladha hapohapo.

Basi mwaka juzi Mwalimu akaniletea gari lake. Huyu alinifundisha hesabu darasa la sita, sasa amestaafu, na gari ni la Kifaransa, la kabureta, rangi ya maziwa, alilolinunua ujanani na kumchukulia mkewe siku ya ndoa yao. Binti yake wa mwisho alikuwa anaolewa Jumamosi, kanisani kule juu Wazo, na alishasema hapandi gari la kukodi. Lakini gari lilikuwa limeanza kukosa nguvu. Kwenye tambarare linakwenda, likifika mlimani linakata pumzi.

"Macho yangu hayaniruhusu tena kuendesha," Mwalimu aliniambia. "Atakayelitibu ndiye atakayemwendesha mwanangu. Sitaki dereva mgeni kwenye gari lile."

Nilikitaka kile kiti kuliko nilivyowahi kutaka kitu tangu nirudi. Nilijiona mbele ya mtaa mzima, matarumbeta yanalia, mimi nimevaa suti ya Ujerumani, na yule mtu wa mchangani amesimama pembeni anapunga mkono.

Nilianza Jumatatu. Mashine yangu ya kupimia haikuwa na mahali pa kuchomekwa kwenye gari la umri ule, nikaiweka kando. Nilibadilisha plagi. Nikasafisha platini zinazokatia umeme wa plagi, nikaseti upya majira ya cheche. Nikapima mgandamizo wa silinda zote nne, ukawa mzuri kuliko nilivyotegemea. Nikafungua kabureta, nikaiosha hadi ikang'aa. Nikalipeleka mlimani Wazo, nyuma ya malori ya saruji, na katikati ya mwinuko likaanza kukohoa, likazima.

Nikaongeza lita tano za petroli kutoka kwenye dumu, likapanda bila tatizo. Nikasema, nimekupata: mafuta yaliyokuwemo yamechanganywa na mafuta ya taa. Jumatano nikamwaga tangi lote, nikaosha, nikabadili kichungi. Nikazunguka Boko mara mbili, gari linacheka. Nikampigia Mwalimu simu nikamwambia limepona. Alhamisi nikalirudisha mlimani kwa uhakika tu. Likazima palepale.

Lilipovutwa kurudi, jirani yangu alikuwa amekaa juu ya tairi anakula muhogo.

"Injinia, mgonjwa hajaamka bado?"

"Angalia mgonjwa wako."

"Wangu wameshakwenda kazini, braza. Nimebaki na muhogo. Karibu."

Sikukaribia. Lakini Ijumaa asubuhi Mwalimu alipita mwenyewe kwa miguu, akasimama mlangoni, nikamwamkia, "Shikamoo Mwalimu," naye baada ya marahaba akasema, "Mwanangu, na yule wa ng'ambo naye aliangalie. Harusi ni kesho."

Alisema kwa upole. Afadhali angenigombeza.

Jirani alikuja amejifuta mikono kwenye suruali. Hakufungua boneti. Aliniuliza kitu kimoja tu: "Limeanza lini?"

"Mwezi uliopita."

"Mwezi uliopita lilifanywa nini?"

"Halikufanywa kitu. Nilimpa Mwalimu kifuniko kipya cha tangi, basi. Tangi lilikuwa limezibwa kwa kitambaa na mfuko wa nailoni, aibu tupu."

Kifuniko kile nilikuwa nacho kwenye sanduku tangu Ujerumani. Cha chuma, kina kufuli na mpira mzito kwa ndani, kinafunga kama mlango wa benki. Nilimpa bure, kama zawadi ya mwanafunzi kwa mwalimu wake, na niliwaonyesha watu.

"Twende mlimani," akasema. "Endesha wewe."

Tulipofika pale pale gari likaanza kukohoa. "Usizime," akaniambia, akachukua ufunguo wa kifuniko, akashuka, akaenda nyuma. Niliona kwenye kioo anainama, anaweka sikio ubavuni kwa gari, kama mtu anayesikiliza gogo kabla ya kulipasua. Kisha akauzungusha ule ufunguo. Nikiwa kwenye usukani nilisikia: fyuuuu, hewa inaingia tangini kwa pupa. Injini ikatulia, ikaanza kuunguruma vizuri.

Nilielewa kabla hajarudi kwenye dirisha. Tangi la gari lile halina tundu lingine la kupumulia. Mafuta yakitoka, hewa lazima iingie, na mimi nilikuwa nimeifungia njia. Kila nilipoongeza petroli nilifungua kifuniko, gari likapona, nikajipongeza, nikakifunga tena. Kitambaa na nailoni vilikuwa vinapitisha hewa. Somo hili nililifaulu. Naukumbuka hata ukurasa.

Akatoa mfukoni kijichuma chembamba alichokuwa anatobolea macho ya vinyago, akakisimamisha juu ya kifuniko changu, akakigonga kwa jiwe mara tatu, tundu dogo likatokea. "Kifuniko kizuri," akasema. "Kilikuwa hakijui kuhema tu."

Mwalimu alikuwa anatungoja gerejini. "Nani amelipata?"

Jirani akainama kufunga kamba ya kiatu. Kiatu chenyewe kilikuwa kimefungwa. Aliniachia nafasi, na hilo ndilo lililoniuma kuliko yote, kwamba alikuwa na cha kuniachia.

"Huyu," nikasema. "Kosa lilikuwa kwenye kifuniko nilichokupa mimi."

Mwalimu akacheka hadi akakohoa. "Yaani uliliziba gari langu pumzi kwa mkono wako?" Kisha akampa jirani ufunguo.

Jumamosi nilikuwa nyuma ya msafara, kwenye gari langu, na sanduku la vifaa kwenye kiti cha abiria. Mwalimu aliniomba nifuate, ikitokea lolote. Matarumbeta yalikuwa mbele kwenye pikapu. Jirani, kwenye usukani wa gari la Mwalimu, alivaa shati jeupe lililokunjwa mikono, bibi harusi nyuma yake, na tulipofika kwenye mwinuko wa Wazo nilimwomba Mungu, nikiwa na akili zangu timamu, lile gari lizime. Ningeshuka na sanduku langu, suti yangu ikaonekana. Lilipanda bila kukohoa hata mara moja. Kile kitundu hakikuonekana kwa macho, lakini mimi nilikuwa nakijua kilipo, nilikitazama njia nzima.

Tangu siku hiyo wageni wanasimama getini kwangu, wanakisoma cheti, kisha wanauliza, "Samahani, yule fundi aliyeendesha gari la maharusi yuko wapi?"

Nawaonyesha kwa kidole. Kuwavusha barabara, hapana.