Piano ya Parokia na Oili ya Lori

Okwakol alijua kuna jambo kabla hata hajaifunua piano. Pua ilimwambia. Ukumbi wa parokia, nje kidogo ya Malaba, ulikuwa unanuka gereji.

Kwa miaka arobaini na mmoja hakuna mtu mwingine aliyegusa ndani ya piano ile. Alikuwa seremala kijana, fundi wa vitanda na majeneza, padri Mholanzi alipomwita asaidie kuishusha kwenye lori. Ilikuwa piano ya tamasha, ndefu kuliko kitanda chochote alichowahi kutengeneza. Padri akamfundisha kwamba sauti yake inakaa kwenye ubao mwembamba wa msonobari ulio chini ya nyuzi, na kwamba huko ulikotengenezwa, mafundi waliugonga kwa kidole na kuusikiliza kabla ya kuukubali. Siku ya kuondoka alimwachia ufunguo wa kukazia nyuzi. Okwakol aliuficha kama hati ya shamba. Hata mkewe hakuruhusiwa kuugusa.

Sasa alifunua. Ubao wote ulikuwa mweusi tii, unang'aa, na oili ilikuwa imetambaa hadi kwenye misumari ya kukazia nyuzi. Misumari hiyo haina gundi wala nati. Inashikwa na mbao tu, na mbao ikilowa mafuta haishiki kitu. Alikaza uzi wa kwanza, akaenda wa pili, akarudi. Wa kwanza ulikuwa umeshalegea. Alihangaika hivyo hadi saa sita mchana, akalia bila kujificha, maana hakukuwa na mtu.

Akurut, mama mtunza ukumbi, aliingia na chai.

"Umeona vile inang'aa, mzee?"

"Nani alipaka?"

"Si ni mimi! Ulisema mchwa wakiingia humu tumekwisha. Nikaenda kwa mafundi wa malori wakanipatia oili chafu. Nguzo za boma yangu nilipaka hiyo hiyo, mwaka wa sita sasa, hakuna mchwa ameguza."

Hasira ilimpanda Okwakol hadi masikioni. Lakini kweli alisema hivyo, mwezi wa kwanza, akimwonyesha njia ya udongo ya mchwa ukutani, kisha akaenda zake kwa haraka. Dawa gani, wapi pa kupaka na wapi pa kuogopa, hakusema. Miaka arobaini na mmoja alikuwa akiwafukuza watu wote waliotaka kuchungulia ndani. Alipenda sana kuwa yeye peke yake anayejua, na sasa jambo hilo lilimwaibisha.

"Kwani imeharibika?" Akurut aliuliza. Sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Ni uzee tu, mama. Hata mimi nimezeeka."

Akurut alishusha pumzi, akafuta mikono kwenye leso. "Afadhali. Nilikuwa naogopa ni mimi. Basi nilibakisha nusu jerikeni, na masista wameniomba niende nipake piano yao kesho."

Okwakol aliuchomoa ufunguo kwenye msumari. Kisha alimshika Akurut mkono, kucha zikiwa bado na weusi wa oili, akauweka ule ufunguo kiganjani mwake.

"Keti, dada," alisema. "Umeharibu piano. Na ni mimi sikukuambia kitu hata kimoja."